Mabao ya Upande wa Kushoto

Mowlem, Nairobi
10 Februari 2025

Dada yangu mpendwa Sista Benedikta (mkono wangu bado unataka kuandika Nekesa),

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na masista wenzako, na kwamba baridi ya huko mlimani imepungua. Sisi huku tuko. Mourine wangu anakusalimu sana. Mama alitoka Funyula mwezi uliopita akakaa nasi siku chache, akasema maji ya Nairobi yana ladha ya chuma, akarudi kwake. Goti linamsumbua ila hataki lizungumziwe. Kiwandani magodoro yanaendelea kutoka, na mimi naendelea kurudi nyumbani na vumbi la sponji kwenye nyusi.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi tulifungwa sita bila. Ziwani Hawks, sisi tulioongoza ligi tangu Oktoba, sita bila, hapo Camp Toyoyo, mbele ya watu wetu. Athi Rangers walikuja na basi moja na tarumbeta mbili wakatugeuza wageni kwenye uwanja wetu wenyewe. Sasa wametupita kwa pointi moja.

Jana baada ya misa mashabiki tulikutana kwa Kinyanjui, yule kinyozi wa Ziwani. Kibanda chake ndicho bunge letu. Kinyanjui anasema ni jua, lilikuwa linatuchoma machoni. Wengine wanasema kocha Wahome amewachosha vijana kwa mazoezi. Mimi nilisema ni beki wa kushoto, na bado nasema. Karibu kila bao lilipitia upande wake. Kocha mwenyewe aliliona, akamtoa wakati wa mapumziko, lakini tulikuwa tumeshafungwa matatu.

Nthambi, yule mama anayeuza mayai ya kuchemsha pale getini, unamkumbuka. Yeye alisema hivi: “Timu inayoongoza hufungwa mawili, ikapigana. Sita ni kitu kingine.” Tulipomuuliza kitu gani, akaendelea kumenya yai.

Wewe ulikuwa ukiuona mpira kuliko sisi sote. Niambie, je, timu imeisha, au ni siku mbaya tu?

Mdogo wako,
Wabwire


Monasteri
24 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Wabwire,

Amani ya Bwana iwe kwenu nyote. Barua yako ilifika Alhamisi, nikapewa Jumapili kama ilivyo desturi yetu. Nimefurahi kusikia habari za Mama, hata hizo za maji. Mwambie Mourine kwamba mbegu za sukuma alizonitumia zimeota, na sungura wameziona kabla yetu. Mzee wetu Sista Agata alifariki katikati ya mwezi. Tulimzika siku ya mvua ndogo. Alikuwa tayari.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa dirishani. Tafadhali tumia kalamu nyeusi na uandike herufi kubwa. Wino wa buluu haupatani na taa zetu.

Kuhusu Hawks, mechi moja haiwezi kuniambia kama timu imeisha. Mngefungwa moja bila mara tatu mfululizo ningeogopa zaidi. Lakini kuna kitu kwenye barua yako kinanisumbua. Umemtaja kocha, umemtaja beki wa kushoto, umetaja mpaka jua. Aliyeyatoa mabao sita wavuni hujamtaja hata kwa jina. Kipa wa Hawks ni Shiundu, mwanao wa kwanza, niliyembeba mimi siku ya ubatizo wake. Yuko wapi kwenye barua yako?

Halafu nieleze mabao. Sitaki maoni ya Kinyanjui. Nataka kila bao, mpira ulitoka wapi na kipa alifanya nini.

Uandike haraka. Jumatano ya Majivu ni tarehe tano, na kuanzia hapo hadi Pasaka hatupokei barua wala hatutumi.

Dada yako katika Kristo,
Benedikta


Mowlem
2 Machi 2025

Dada mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole kwa msiba wa Sista Agata. Naituma barua hii kwa mkono wa jirani anayesafiri kesho kuja pande zenu, ili iwahi Majivu. Kalamu ni nyeusi kama ulivyotaka.

Mourine ana mafua. Mengine ni yale yale.

Mabao ni haya. La kwanza lilikuwa krosi kutoka kushoto kwetu, winga wao akapiga juu, mshambuliaji akaweka kichwa. Kipa hakutoka. La pili ni shuti la upande huo huo, wala halikuwa kali, hata mimi na umri huu ningelizuia. Yeye aligeuka mpira ukiwa umeshapita. La tatu mpira ulipita karibu na mkono wake wa kushoto na mkono haukuinuka. Ndilo lililowaudhi watu. La nne lilikuwa penalti, halina maneno. La tano na la sita ni kipindi cha pili, tukiwa na beki mwingine na tumeshabadilisha goli, na yote mawili yalitoka kushoto tena.

Umeuliza habari za Shiundu. Yuko Buruburu kwa rafiki yake, tangu jioni ile ya mechi. Hatukugombana, ila hatukuzungumza. Aliingia nyumbani, akaangusha chupa ya chai iliyokuwa mezani, chai ikamwagika yote, nami nikasema, “Hata hiyo imekushinda?” Akachukua begi lake. Siku hizi vitu vinamponyoka ovyo. Ni uzembe tu wa vijana.

Huku kuna maneno yanayosemwa. Nthambi alimaliza ile sentensi yake Jumapili iliyofuata. Alisema kuna mtu alinunuliwa. Hakutaja jina, lakini watu wote kibandani walinitazama mimi, kisha wakatazama chini. Nilikuwa nimeshika yai lake mkononi. Nikalila.

Kocha bado anampanga. Jana tulitoka sare mbili mbili, na mabao yote mawili tuliyofungwa sitayaeleza kwa sababu umeshajua yalikotoka.

Kwaresima njema.

Wabwire


Monasteri
21 Machi 2025

Wabwire mdogo wangu,

Usishtuke kupata barua hii katikati ya Kwaresima. Nimeomba ruhusa kwa Mama Mkuu na amenipa, ya kutuma barua moja tu. Jibu lako sitalipata hadi Pasaka, kwa hiyo usipoteze muda kuniandikia. Fanya ninalokuambia kwanza.

Mpeleke Shiundu hospitali ya macho.

Jua halihusiki, maana mlibadilisha goli na mabao yakaendelea kutoka upande ule ule. Beki naye alitolewa na yakaendelea. Aliyebaki pale pale mwanzo hadi mwisho ni kipa, na upande wake ni ule ule mmoja. Kijana mwenye mikono ile haachi kuinua mkono kwa sababu ya hongo. Hauinui kwa sababu hajauona mpira.

Sasa mkumbuke Baba. Wewe ulikuwa mdogo tulipokaa Ziwani, labda unamkumbuka akiwa kipofu tu, kwenye kiti chake mlangoni. Mimi nakumbuka kabla ya hapo. Alianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango, bega la upande mmoja. Alimimina chai kando ya kikombe. Majirani wakasema anakunywa pombe, na Baba hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Hakuwa na maumivu wala jicho jekundu, ndiyo maana hakuna aliyejua. Alipopelekwa hospitali aliambiwa ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Alikuwa bado kijana kuliko ulivyo wewe sasa.

Mwezi huu daktari wa macho ameniambia kwamba ugonjwa ule hutembea ndani ya familia, na wakati mwingine hushika mapema, hata kwa kijana wa miaka ishirini. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kama kitapatikana mapema.

Ukimpeleka, nawe upimwe siku hiyo hiyo. Usikae nje ukisubiri.

Tunawaombea.

Benedikta


Mowlem
14 Aprili 2025

Dada yangu,

Najua barua hii itakaa getini kwenu hadi Pasaka. Hata hivyo naiandika leo, kwa sababu kesho nitakuwa nimeanza kupunguza mambo katika kuyasimulia.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Sitaki kusema zaidi juu ya siku hizo. Mourine ndiye aliyeikuta mfukoni mwa ovaroli akiifua, akaisoma, akaiweka juu ya sahani yangu badala ya chakula. Nikavaa viatu nikaenda Buruburu.

Shiundu alitoka nje tukaketi kwenye ngazi za nyumba ya rafiki yake. Nikamwambia shangazi yake ameandika.

“Shangazi anajua nini kuhusu mimi, mzee? Amejifungia huko mlimani.”

Nikaanza kumsomea. Nilipofika kwenye ile ya chai kumiminwa kando ya kikombe, akaniwekea mkono kwenye karatasi.

“Nani alimwambia habari ya chai?”

“Hakuna. Hiyo ni habari ya babu yako.”

Watoto walikuwa wanacheza kati ya magari, naye alikuwa anawatazama kwa kugeuza kichwa chote, kama kuku. Sikuwahi kuliona hilo, na nimekaa naye nyumba moja miaka ishirini na mbili.

“Mimi humimina kwa kusikiliza,” akasema. “Kikombe kikikaribia kujaa, sauti hubadilika.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwaka juzi. Nilidhani kila mtu akichoka huona hivyo. Halafu nikajua si uchovu, lakini mkinipeleka hospitali na iandikwe, mimi kwa mpira nimekwisha. Nani atanipanga?”

Nikaikunja barua. Nilimwambia tu kwamba mimi pia nimeagizwa kupimwa, na sitaki kwenda peke yangu. Hiyo ndiyo iliyomwinua. Nadhani alinionea huruma.

Tulipimwa sote wawili. Mimi presha iko juu kidogo, bado sijapoteza kitu, nimepewa dawa ya matone. Yeye jicho la kushoto limeenda zaidi ya nusu. La kulia ni zuri na daktari anasema litabaki zuri akiweka matone bila kuruka. Mwezi ujao atafanyiwa upasuaji wa kushusha presha jicho la kushoto. Si wa kurudisha alichopoteza, ni wa kulinda kilichobaki. Alimuuliza daktari swali moja tu, kama anaweza kudaka. Daktari akasema mpira ukimpiga pale atapoteza hata kile kidogo. Akasema asante, akachukua jaketi lake.

Jumapili iliyopita alikuja mwenyewe kwa Kinyanjui. Sikumwita. Aliingia wakati Kinyanjui amemnyoa mteja nusu ya kichwa, Nthambi ameketi kwenye benchi na ndoo yake ya mayai.

“Nimekuja,” akasema, “ili anayetaka kusema aseme nikiwepo.”

Kinyanjui akazima mashine.

“Jicho langu la kushoto limekufa nusu. Nimeacha kudaka. Kocha nimemwambia jana, na Nzomo ndiye atakayeanza golini Jumamosi. Mumsaidie, ni mzuri.”

Nthambi akamgeukia. Unamjua, hawezi kuacha mpira hata kanisani. “Na lile la tatu?” akauliza.

“La tatu nililisikia likigonga wavu.”

Yule mama akashusha ndoo chini polepole. “Nilisema maneno juu yako.”

“Niliyasikia.”

“Sasa sijui nayarudisha vipi.”

“Usiyarudishe. Nipe yai.”

Akamenya, akatia chumvi, akampa. Mteja aliyenyolewa nusu akauliza kama anaweza kumaliziwa, na mashine ikawashwa tena.

Shiundu amerudi nyumbani. Hazungumzi sana. Matone anayaweka mwenyewe asubuhi na jioni, na mimi nayaweka naye, mmoja kila upande wa meza.

Sasa nina swali. Barua yako ya Machi haikuandikwa kwa mwandiko wako. Mwandiko wako umeinama kulia, wa mwalimu wetu wa Ziwani, na ule ulikuwa wima. Ni nani aliyeiandika?

Pasaka njema.

Wabwire


Monasteri
28 Aprili 2025

Mpendwa Wabwire,

Kristo amefufuka. Barua yako nilisomewa Jumatatu ya Pasaka baada ya chakula, mimi na Sista mmoja, tukiwa bustanini. Namshukuru Mungu kwa jicho la kulia la Shiundu na kwa macho yako mawili. Mshukuru Mourine kwa ile sahani tupu.

Usimsukume Shiundu azungumze. Mpira ulikuwa kazi yake na jina lake mtaani, na vyote vimeondoka siku moja. Akikaa kimya, kaeni naye kimya. Akienda uwanjani, usimuulize kwa nini ameenda. Asipoenda, usimuulize pia.

Kuhusu Nzomo, kocha amwache acheze mechi zote zilizobaki hata akikosea. Kipa mpya akibadilishwa baada ya kosa la kwanza huwa hatulii tena. Na beki wa kushoto aliyetolewa arudishwe, mmemwonea.

Umeuliza mwandiko. Ni wa Sista Teresiah, na huu pia ni wake. Mimi ninasema, yeye anaandika, na hapa amesita kidogo nikamwambia aendelee.

Niliandika kwamba daktari alisema nami mwezi Machi. Sikusema alikuwa amenichunguza mimi. Tangu mwaka jana nilikuwa napoteza mstari nikisoma zaburi, nikadhani ni taa. Wakati wa Kwaresima nilijikwaa kwenye ngazi za kanisa, ngazi ambazo nimezipanda miaka kumi na tisa, na Mama Mkuu akanipeleka hospitali. Jicho la kushoto halioni tena. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Nikiwa nimeketi pale kwa daktari, akiniuliza habari za wazazi na ndugu, nilikumbuka barua yako na ule mkono ambao haukuinuka. Kwa hiyo nisingelijua la Shiundu bila langu.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja mbio huku kunitazama, na mtu wa kukimbiliwa hakuwa mimi. Sasa umejua. Usimwambie Mama kwa simu. Nenda Funyula umwambie ana kwa ana, na umpeleke naye akapimwe.

Siogopi sana. Zaburi nyingi ninazijua kwa moyo. Kinachonisumbua ni vitu vidogo, kama kutomjua sista anayepita hadi akohoe.

Mwezi Julai tuna siku ya wageni. Mnaruhusiwa kuja.

Benedikta


Mowlem
16 Juni 2025

Dada yangu Nekesa,

Leo naliandika hilo jina makusudi.

Tumsifu Yesu Kristo. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikwenda Funyula kama ulivyoagiza. Mama alisikiliza yote, akauliza kama unapewa uji wa wimbi huko, kisha akaenda kufunga mbuzi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakutaka kulizungumzia, kama goti. Amepimwa, hana kitu. Ni damu ya Baba, si yake. Alisema angependa iwe yake.

Upasuaji wa Shiundu ulikwenda vizuri. Presha imeshuka. Kocha Wahome amemwomba awafundishe makipa, akasema atafikiria, na kila Jumanne jioni naona viatu vyake havipo mlangoni.

Ligi imekwisha juzi Jumamosi. Tulihitaji kushinda na Rangers wapoteze. Tulishinda moja bila. Rangers hawakupoteza, wametwaa ubingwa. Sisi ni wa pili. Kwa Kinyanjui mjadala umeanza upya, wengine wanasema ubingwa ulipotea ile siku ya sita bila, wengine wanasema ni zile sare za Machi. Mimi nilisikiliza tu. Wamenishangaa.

Lakini nataka kukueleza jinsi tulivyoiangalia. Shiundu hakuwa amekanyaga jukwaani tangu aache kudaka. Siku hiyo alikuja, akaketi nami. Kabla refa hajapuliza, Nthambi akatokea na ndoo yake. Hakuuza mayai siku hiyo. Alimwambia kijana aliyekuwa ameketi kushoto kwa Shiundu ainuke, akaketi yeye. Hakumsalimu wala hakusema kwa nini. Mpira ulipoanza, kila ulipokwenda upande ule, alizungumza chini chini, macho yake yakiwa uwanjani: “Winga anao. Amemchenga mmoja. Anapiga krosi sasa, juu, Nzomo anatoka. Amedaka.” Dakika zote tisini hivyo hivyo, hata sauti ikamkauka. Shiundu hakugeuza kichwa hata mara moja. Aliketi ametazama mbele kama watu wote.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa tukangoja habari za mechi ya Rangers. Ilipofika, watu wakaanza kuinuka. Nthambi akasema, “Mwaka ujao tunahitaji straika.” Shiundu akamwambia winga wa kushoto pia, maana huyu wetu, kwa maelezo ya Nthambi, hapigi krosi mpaka aombwe. Wakabishana hadi getini.

Julai tutakuja wote watatu, mimi, Mourine na Shiundu. Shiundu anauliza kama mle ndani mnaruhusiwa kuzungumza mpira.

Sista Teresiah, nakushukuru kwa macho yako. Ukishamaliza kumsomea, usikunje karatasi haraka. Atakuomba urudie ile sehemu ya Nthambi jukwaani. Ukimsomea mara ya pili, tafadhali soma polepole.

Wabwire